Mama Standari na Dawa ya Nyoka

Kwa jirani yangu huyu, hakuna kitu duniani kilichokosa mwenyewe. Ukimwambia mbuzi ameingia kwenye mboga, hakuinuka kwenye kiti. Aliuliza kwanza, "Ya kwa nani?" Ukimwambia daktari amepita, aliuliza, "Wa kwa nani?" Jumapili moja mhubiri alisimama kwenye geti letu akapaza sauti kwamba Bwana anarudi, na yeye, akiwa anapepea mbabula yake, jiko la makaa, akauliza bila kugeuka: "Wa kwa nani?" Mhubiri akaenda nyumba inayofuata. Wanawake wa mtaa walicheka wiki nzima, maana Bwana ni Mungu lakini bwana ni mume pia, na waume wa mtaa ule walikuwa na safari nyingi.

Tulimwita Mama Standari. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini mtaani halikutumika. Standari ni ile mashine ya zamani ya kuunganisha simu, ubao mkubwa wenye matundu na waya, uliokuwa katika ofisi ya kampuni ya madini hapa Kolwezi. Alikaa mbele ya ubao ule nusu ya maisha yake, akiunganisha ofisi na hospitali, hospitali na stesheni, Musonoi na mji, mji na Lubudi na Kasaji. Taa ikiwaka, anachomeka waya, anauliza unamtaka nani, anachomeka waya wa pili. Nilimfahamu alipokuwa amekwisha kustaafu, na mimi ni msichana wa shule niliyetumwa kuchota maji kwenye bomba lake. Sasa nimevuka miaka thelathini, natengeneza programu za kompyuta, na nasema bila aibu kwamba kazi ninayojivunia kuliko zote nilifundishwa na mwanamke ambaye hakuwahi kugusa kompyuta.

Alikuwa na sauti mbili. Ya nyumbani ilikuwa ya kukwaruza, ya kufukuza kuku na kuita watu walio mbali. Ya kazi ilikuwa ya chini, laini, imenyooka, na ilipotoka mdomoni mwake ulijua kuna mgeni wa heshima au kuna mtu amekosea vibaya. Siku moja sokoni alikuwa anabishana na muuza kapenta, dagaa wa kwetu, kwa sauti ya nyumbani, hasira zikamzidi, akahamia ile ya kazi: "Nakusikia, tata. Rudilia bei, tafadhali." Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama ghafla.

"Mama," akasema, "ni we? Ni we ulinipa Lubudi siku mutoto wangu alizaliwa?"

Hakumkumbuka, na alimwambia hivyo waziwazi. Lakini alirudi nyumbani akiwa ametembea kwa maringo njia nzima, na ule mfuko wa kapenta akanipa mimi niubebe.

Ajabu ni kwamba alichukia simu. Watoto wake walimnunulia moja. Aliiweka ndani ya kopo la sukari, imezimwa. "Mutu akinitafuta, anajua nyumba," alisema. Siri za kazini hazikumtoka hata kidogo: alisikia wakubwa wa kampuni wakigombana, wakilia, wakidanganya wake zao, na hakuna aliyewahi kumtoa neno. Lakini ukipika sombe, yaani kisamvu, bila mawese, kabla ya saa sita mchana mtaa mzima umejua. Hakupenda kukatizwa anapozungumza na alimkatiza kila mtu, padri akiwemo.

Na kulikuwa na chuki yake kubwa. Mwishoni mwa kazi yake kampuni ilileta mashine ya kuunganisha simu yenyewe. Alipewa saa ya ukutani, akashikwa mkono, akaambiwa ahsante. Saa ile aliitundika sebuleni mahali pa kuonekana na hakuwahi kuitia betri. Nikimuuliza sababu, alinijibu, "Ile mashini ilinifukuza kazi haikuulizaka hata mutu jina." Kwa hiyo nilipomaliza masomo nikaanza kazi ya kompyuta, alinitazama kama mtu aliyeolewa kwa maadui.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna ushirika mmoja hapa kwetu wenye mambo matatu: famasi inayogawa dawa kwa vituo vya afya hadi Kasaji, depo ya mashamba inayouza mbegu na dawa za wadudu, na magari ya kusafirisha yote hayo. Kila sehemu ilikuwa na seva yake, iliyotengenezwa na watu tofauti ambao hawakuwahi kukaa meza moja. Mimi na mwenzangu Trésor tuliombwa kuunda msaidizi mmoja wa akili ya mashine. Mtu anamwandikia au anamsemesha kwa Kiswahili chetu hiki cha hapa, naye anajua aulize seva ipi. Kila seva ina zana zake, yaani kazi ambazo inakubali kuombwa: tafuta dawa, onyesha gari liko wapi, tuma dereva. Msaidizi anasoma orodha ya zana zote, anachagua ya kutumia, anakusanya majibu.

Kamati ya ushirika ilitupa hadi mwanzo wa mvua, na sababu aliieleza muuguzi wa Kasaji. Mvua zikianza watu wanaingia mashambani, na nyoka wako huko huko. Msimu uliopita alipokea mkulima aliyeumwa, akatumia nusu ya siku kupiga simu famasi, halafu kwa magari, halafu famasi tena, na mkulima akapoteza mkono. Alisimama mbele ya kamati, mwanamke mwembamba mwenye viatu vyenye matope, akatugeukia mimi na Trésor.

"Mi siombi mashini," akasema. "Minaomba jibu."

Sentensi hiyo sikuisahau hata siku moja ya kazi ile.

Tulianza na famasi, ikaenda vizuri. Tukaongeza magari, vizuri. Mwisho tukaunganisha depo ya mashamba, na siku ya kwanza ambapo seva zote tatu zilikuwa pamoja, tukajaribu swali la muuguzi: dawa ya nyoka iko? Msaidizi akajibu mara moja: "Iko. Pakiti makumi ine, hapa Kolwezi." Trésor alipanda juu ya kiti akacheza. Tulinunua Fanta. Kesho yake asubuhi nikapita kwa Mama Standari na mkate, nikamsimulia yote, jinsi mashine ilivyouliza, jinsi ilivyojibu, pakiti arobaini za dawa ya nyoka.

Akakata mkate polepole. "Ya kwa nani?"

"Ya kwa ushirika, mama."

"Apana. Ile dawa ya nyoka. Ni ya kwa mugonjwa ao ni ya kwa nyoka?"

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Dawa ya kwa mgonjwa ni sindano, inakaa kwenye vichupa, inatunzwa kwa uangalifu, na famasi nzima haijawahi kuwa nayo arobaini. Inayokaa kwenye pakiti ni ule unga wa kumwaga kuzunguka nyumba ili nyoka asikaribie. Unauzwa na depo ya mashamba, karibu na mbolea. Na kwetu vyote viwili tunaviita dawa ya nyoka.

Nilikimbia ofisini na mkate mdomoni. Watengenezaji wa seva ya famasi walikuwa wameita zana yao tafuta_dawa. Wa depo nao, bila kujuana, walikuwa wameita yao tafuta_dawa. Programu yetu ilipounganisha orodha, jina lililokuja mwisho lilifunika lililotangulia, bila kelele, bila onyo. Tangu tulipounganisha depo, kila swali la dawa katika majaribio yetu lilikuwa linapelekwa dukani kwa wakulima. Ungeulizia dawa ya minyoo ungepata ya minyoo ya kabichi. Na sisi tulikuwa tumelinunulia kosa hilo Fanta.

Niliona aibu ya kutosha watu wawili. Muuguzi angefungua boksi mbele ya mgonjwa anayevimba akakuta unga wa kumwaga mlangoni. Nilirudi kwa Mama Standari nikamwambia nataka kuiacha kazi, waje watu wa mji mkubwa waifanye. Hapo ndipo aliponipa hadithi ambayo sidhani aliwahi kumpa mtu mwingine.

Mwezi wake wa kwanza kwenye standari, mke wa mkubwa mmoja alipiga simu akilia: mama yake ana homa kali, anataka docteur, yaani daktari. Kampuni ilikuwa na docteur wa hospitali, na ilikuwa pia na shamba la ng'ombe lenye docteur wake. Msichana mpya akachomeka waya kwenye docteur wa kwanza aliyemwona.

"Ule wa ng'ombe akamuuliza bibi ya mukubwa: analala upande gani? Anakula majani?" Mama Standari alikuwa anajifuta machozi kwa kitenge, ya kucheka, ingawa mwanzoni sikuwa na uhakika. "Akamuuliza, na miguu ya nyuma, iko namna gani?"

"Wakakufukuza?"

"Barinikatia mushahara. Chef wa kazi akasema kesho utarudi kwenu. Mi nikarudi kesho, nikakaa pa kiti, taa ikawaka. Mutu anasema, nipe docteur. Nikasema: wa kwa nani?" Akanigusa goti. "Tangu ile siku. Sasa we unataka kwenda wapi? Ukienda, ile kosa utaachia nani? Rudia pa kiti yako."

Nikarudi. Siku hiyo hiyo tulibadilisha majina yote ya zana: kila moja inaanza na nyumba yake. Kwa_famasi_tafuta_dawa. Kwa_depo_tafuta_dawa. Kwa_magari_tuma_dereva. Na neno likiwa na nyumba mbili, msaidizi asikisie, aulize kwanza. Trésor alisema majina yamekuwa marefu mno. Nikamwambia majina aliyopewa na wazazi wake nayo ni marefu na tumeyavumilia.

Kisha nikafanya jambo ambalo Trésor aliliona wazimu: nilimleta Mama Standari ofisini. Alikuja na kiti chake cha plastiki, eti vya kwetu vinamfanya ateleze. Kompyuta hakutaka kuitazama. "Soma," alisema, nami nikamsomea kwa sauti mazungumzo ya majaribio, msaidizi aliulizwa nini, akaita zana ipi, akajibu nini. Alisikiliza macho yamefumbwa, na kila palipokuwa na ubovu alifumbua.

Alifumbua macho siku seva ya famasi ilipokatika na msaidizi akajibu kwamba kwa kawaida famasi huwa na dawa hiyo.

"Nani amesema? Famasi imesema, ao ni yeye amesema?"

"Ni yeye, mama. Famasi haikujibu."

"Bongo!" akapiga paja, na kwetu bongo ni uongo. "Mi nilikuwa Kolwezi. Siko Lubudi. Mutu akiuliza kama train imefika Lubudi, Lubudi njo itasema. Lubudi ikinyamaza, minasema: Lubudi imenyamaza, ngoja, narudilia kuita. Lakini mutu huwezi kumuacha na waya inalia tu mu sikio, hapana."

Tukaweka hivyo: kila jibu linataja nyumba iliyolitoa, na nyumba isiyojibu inatajwa kwamba haijajibu. Trésor naye alikuwa na fahari yake. Ili kuokoa muda alikuwa amepanga msaidizi aite zana zote kwa mpigo, na katika jaribio moja dereva aligeuzwa barabarani kwenda kuchukua dawa ambayo haikuwepo. Dereva yule alikuja ofisini, akatuambia mambo ambayo siyaandiki.

"Mama, IA, ile akili ya mashini, inajua yenyewe kupanga," Trésor alijitetea.

"Kama vile we ulijua yenyewe?" Akamwonea huruma kidogo, akahamia sauti ya kazi. "Sikia, tata. Kuuliza, uliza bote pamoja, haina mubaya. Lakini kutuma, ngoja kwanza. Gari itabeba nini, kama famasi haijasema?"

Trésor aliandika maneno hayo kwenye karatasi akayabandika juu ya kompyuta yake. Yapo mpaka leo. Kuuliza, uliza wote, kutuma, ngoja. Na hakuna gari linalogeuzwa kabla binadamu hajasema ndiyo.

Mvua zilianza, kamati ikatupa ruhusa kwa masharti: kosa moja kwa mgonjwa, na kazi inazimwa. Tulikaa wiki ya kwanza tukiogopa kila ujumbe. Watu waliulizia mbegu za mahindi, dawa za kuharisha, lori la kwenda Lubudi. Jumamosi moja mchana, mvua inapiga mabati mpaka hatusikilizani, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka Kasaji. Niliijua sauti kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Mama mumoja amelumwa na nyoka ku shamba ya mihogo. Mukono inavimba. Dawa ya nyoka iko wapi?"

Mimi na Trésor tulisimama nyuma ya kompyuta bila kugusa kitu. Kwenye kioo tuliona msaidizi akisoma maneno amelumwa na mukono, akaiacha depo, akaita kwa_famasi_tafuta_dawa, na papo hapo kwa_magari_onyesha_gari. Famasi ikajibu: Kolwezi ipo, lakini ipo pia kwenye kituo cha afya kilicho nusu ya njia ya Kasaji, vichupa viwili. Magari hayakujibu. Mtandao ulikuwa umeyumba. Miezi michache nyuma msaidizi angebuni kitu au angenyamaza. Safari hii alimwambia muuguzi:

"Famasi inasema dawa ya kuchoma mugonjwa iko pa kituo ya katikati ya njia, vichupa mbili. Magari haiyajibu. Narudilia kuita. Usitoke ku laini."

Trésor alinishika kiwiko akakibana hadi kikauma. Msaidizi akaita magari tena, hayakujibu. Akaita mara ya tatu, magari yakajibu: lori la mahindi limepita kituo kile muda mfupi uliopita, linakuja Kolwezi, linaweza kugeuka. Na lori halikugeuzwa. Msaidizi alimuuliza muuguzi: dawa ni hii, kwa famasi, gari ni hili, kwa magari, nitume? Muuguzi akasema, "Ndiyo, tuma!" kwa sauti iliyozidi mvua. Ndipo ikaitwa kwa_magari_tuma_dereva. Dereva akathibitisha. Alikuwa yule yule wa matusi.

Kabla jioni haijaingia, ulikuja ujumbe mwingine kutoka Kasaji. Ulikuwa mfupi. "Tumemuchoma. Anapumua muzuri. Anauliza mihogo yake ni nani ataitoa."

Nililia. Trésor alipanda tena juu ya kile kiti, na safari hii nikapanda naye. Jumatatu muuguzi alipiga simu kwa kamati mwenyewe, na hakuna aliyezungumza tena habari ya kuzima. Leo vituo vyote vya njia ile vinamtumia msaidizi wetu, na vya upande wa Lubudi vimeomba viunganishwe.

Nilimtafuta Mama Standari siku hiyo hiyo ya Jumatatu nimpe habari, nikakuta mlango umefungwa. Binti yake alikuwa amekuja kumchukua, magoti yamechoka, wakaishi pamoja Lubudi. Simu yake, bila shaka, ilikuwa ndani ya kopo la sukari. Ilinibidi nisubiri hadi kazi inipeleke huko.

Nilimkuta amekaa uani, reli iko mbele yake, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amepungua mwili, lakini kiti kilikuwa kile kile cha plastiki. Saa ya ukutani ilikuwa imetundikwa sebuleni kwa binti, na bado haikuwa na betri. Nilimsimulia mwanzo hadi mwisho, mvua, vichupa viwili, magari kunyamaza, lori, mihogo. Hakunikatiza hata mara moja. Sikuwahi kuona hivyo, nikaogopa kwamba anaumwa.

"Naye ule mama eko?" akauliza.

"Eko. Amerudi shambani."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akaendelea kuchambua. Halafu akasukuma ungo pembeni, akafuta mikono kwenye kitenge, akanyoosha mkono. "Nipe iyo simu."

Nilimfungulia msaidizi, nikamwelekeza asemee wapi. Aliishika kwa mikono miwili. Alinyoosha mgongo, akajikohoza, na ikatoka ile sauti ya kazi, ya chini, imenyooka, kana kwamba haikuwahi kustaafu.

"Allô. Nipe docteur."

Tulisubiri. Treni ya mizigo ilikuwa inapiga honi mbali. Kisha simu ikajibu, kwa Kiswahili chetu, bila haraka:

"Wa kwa nani, mama?"

Aliniangalia. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Nikamwona akirudi nyuma miaka yote ile, mpaka kwenye waya wake wa kwanza uliokosea. Halafu akacheka, kicheko cha nyumbani cha kukwaruza, akapiga paja, akacheka mpaka maharage yakamwagika na kuku wakaja. Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja, na sikuona sababu ya kuficha.

Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta, mwanamke mwenye beseni kichwani, kuona kuna nini.

"Mama," akaita, "uko unacheka na nani? Iyo mashini inasema vile, ni ya kwa nani?"

Mama Standari aligeuka kwenye kiti chake, simu imebanwa kifuani kwa mikono miwili, na akamjibu kwa sauti ya kazi, polepole, neno kwa neno, ili laini yote isikie.

"Ya kwangu."